Video Inaishia kwa Nne

Video ina sekunde 58. Niliipiga mimi mwenyewe, kwa simu ya dada yangu, Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, kwenye mto mkavu ulio chini ya boma letu huko Makueni. Watoto ni wanane, wasichana saba na mvulana mmoja. Wanne ni warushaji, wawili upande huu na wawili upande ule, na kati yao kuna hatua kama kumi na tano za mchanga mtupu. Wanne wengine wako hapo katikati. Mpira wa matambara unaruka, walio katikati wanakimbia huku na huku. Sekunde ya 19 mpira unampata mpwa wangu kwenye paja. Anatoka, anasimama kando, mikono kiunoni, na kwa sekunde 39 zilizobaki hafanyi lolote. Halafu video inakatika.

Mwalimu wake alikuwa ameomba kila mzazi atume video ya mtoto akicheza mchezo wa jadi, isizidi dakika moja. Tukatuma. Shule zilipofunguliwa jibu likarudi: kukaribia matarajio. Kwa msomaji asiye na mtoto shuleni, mtaala wa umilisi, ulioingia madarasani kote nchini mwaka 2019 baada ya majaribio ya 2017, hautoi alama kama za 8-4-4 yetu. Unampanga mtoto katika ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Mpwa wangu aliposomewa yake hakulia. Aliniuliza tu, "Anti, kwani hukuona wakinirudisha?"

Niliona. Lakini nilikuwa nimeshazima simu, kwa sababu dakika ilikuwa inaisha.

Kazi yangu, kama hii ni kazi, ni kuandika uhakiki wa vitabu na filamu kwa yeyote atakayelipa kwa M-Pesa. Nimewahi kuhakiki kitabu nilichosoma nusu, na Mungu anisamehe. Ila sijawahi kuharibu kazi ya mtu kama nilivyoharibu ile ya watoto wa mtoni. Niliikata hadithi kabla haijafika mahali inapogeuka. Kwa hivyo chukua haya kama masahihisho. Nitauhakiki mchezo wa kati kama ningehakiki riwaya, na kasoro zake sitazificha.

Kwanza muundo. Kila mtaa wa Kenya una kati na kila mtaa una katiba yake, basi naeleza ya kwetu. Timu mbili. Moja inarusha, nyingine inakwepa. Ukiguswa na mpira umekufa, unatoka. Watu wanakufa mmoja mmoja mpaka anabaki wa mwisho, na hapo ndipo sheria inabadilika. Wa mwisho anarushiwa mara kumi. Akiguswa kabla ya kumi, timu imeisha na zamu inahama. Akifikisha kumi bila kuguswa, wote waliokufa wanarudi uwanjani, wazima kabisa, na mchezo unaanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuguswa.

Ng'ambo ya Athi, upande wa Kitui, sheria ni tofauti kidogo. Susu yangu anakaa karibu na Mutomo, na tulipokuwa wadogo tulipelekwa kwake likizo. Binamu zangu huko walicheza kati ya "uhai." Ukiudaka mpira hewani bila kuuangusha, umepata uhai mmoja. Unaweza kuuweka akiba yako, siku ukiguswa usitoke. Ama unaweza kumtajia jina mwenzako aliyekufa, naye anarudi. Wote wanasikia umemtaja nani. Nakumbuka urafiki mwingi ulivunjika kwa sababu ya jina ambalo halikutajwa. Halafu kuna kati ya chupa, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita rede, ambapo aliye katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anarushiwa mpira. Hiyo nayo ni tamu, lakini leo niache.

Linganisha na jamaa zake. Tapo ni mchezo wa laana: nimekugusa, sasa ni yako, kimbia umpe mwingine. Haina mwisho, haina upande, na kila mtu anamkimbia aliye nayo. Brikicho ni mchezo wa kujificha na kila mtu na tundu lake. Hata sungura wa hadithi za Kikamba, yule kavaluku ambaye John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alimweka kwenye kitabu chake cha hadithi za Akamba mwaka 1966, kwa kawaida anaokoka kwa ujanja wake, na anaokoka peke yake. Ndiyo maana sikubali mtu anaponiambia kati ni "kukimbiakimbia tu." Kati imeuliza swali ambalo tapo haikuuliza wala kavaluku hakulijali: aliyetoka anakuwa nani? Ana kazi gani hapa, au aende nyumbani?

Jibu la kati nitalifikia. Kwanza niseme kuhusu mpira na mchanga, kwa sababu mhakiki anayeruka vifaa huwa anadanganya.

Mpira wetu wa utotoni ulikuwa wa juala. Unakusanya mifuko ya plastiki, unaifinyanga, unaifunga kwa kamba ya katani, unaongeza tabaka, unafunga tena. Ulikuwa mwepesi na upepo uliupenda, kwa hivyo ulipinda njiani na mkwepaji alikuwa na nafasi ya kufikiri. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza Kenya, na polepole mpira ule ukapotea vichakani na viwanjani. Mimi nilifurahi, mbuzi wa kwetu walikuwa wanakufa na plastiki tumboni. Lakini mpira wa sasa ni wa matambara, soksi kuukuu na kipande cha gunia. Ni mzito, unakwenda moja kwa moja, unauma. Nilipokuwa nawatazama watoto Agosti niliona hawaruki kama sisi tulivyoruka. Wanalala. Mpira ukija, mtoto anajitupa chini kifudifudi na kuinuka na mchanga mdomoni. Mkwepo umekuwa mwingine kabisa.

Na huwezi kujitupa chini popote pale Ukambani. Ardhi yetu ni miiba, kokoto na mizizi ya mgunga. Mahali pekee panapokupokea ni mtoni. Mito yetu mingi ina maji wiki chache tu za mvua, mwezi wa Aprili hivi na tena Novemba, na miezi iliyobaki ni barabara pana ya mchanga mweupe ambayo hakuna aliyeipanda mahindi wala kuizungushia seng'enge. Ndio uwanja wa umma tulio nao. Kina mama wanachimba visima vya kina cha mkono mmoja kutafuta maji, punda wanasubiri, na watoto waliotumwa maji wanacheza kati wakati kisima kinajaa polepole.

Sehemu niliyochezea mimi leo ni mwamba. Mchanga ulipakiwa kwenye malori ukaenda kuwa ghorofa mijini. Makueni ilitunga sheria ya kaunti kuhusu uhifadhi na matumizi ya mchanga mwaka 2015, na Kitui ikapiga marufuku usafirishaji wa mchanga na makaa kwenda nje ya kaunti mwaka 2018. Sheria hizo zilitungwa kwa ajili ya maji, na ni haki, kwa sababu mchanga ukiondoka maji yanakosa pa kujificha. Ila sijasikia mtu akisema mkutanoni kwamba uwanja wa watoto nao ulibebwa. Mpwa wangu na wenzake wamehamia juu zaidi, nyuma ya bwawa la mchanga, yaani ukuta uliojengwa kukatiza mto ili mchanga ukusanyike nyuma yake na kushika maji. Pale mchanga umebaki. Kwa hivyo video niliyoipiga imepigwa juu ya maji, ingawa hayaonekani.

Nayasema haya kwa sababu kuna uandishi mmoja wa Kikenya unaonichosha, ule wa "watoto wa siku hizi hawachezi." Umeusoma. Una orodha: kati, blada, bano, brikicho, tapo, kalongolongo, halafu picha ya tairi kuukuu, halafu lawama kwa simu. Kwa kawaida mwandishi ana miaka thelathini na yuko kwenye simu. Maombolezo haya si yetu peke yetu, na ni ya zamani. Iona na Peter Opie, mke na mume waliozunguka wakiwasikiliza watoto wa Uingereza, walichapisha mwaka 1969 kitabu kizima cha michezo ya barabarani na uwanjani, wakati watu wazima wengi walikuwa wameshaizika. Mnamo 1560, Bruegel alichora watoto zaidi ya 200 wakicheza kwenye uwanja wa mji, na katika picha ile kuna michezo ambayo mtoto yeyote wa Kibwezi angeijua bila kuelezwa. Watoto wanacheza. Shida ni wapi na saa ngapi. Wanatoka shule jioni wana kazi ya nyumbani, wana mtungi wa maji, na mto umebaki mwamba. Mtu anayeandika kuhusu simu bila kuandika kuhusu lori la mchanga hajatoka nje ya nyumba yake.

Sasa kasoro, maana niliahidi.

Kati ni katili wakati wa kuchaguana. Viongozi wawili wanasimama mbele na kuitana majina, wewe, wewe, njoo huku, mpaka wanabaki wawili ambao hakuna anayewataka, na mmoja wao nilikuwa mimi. Kati pia ina utawala wa kifalme wa mwenye mpira. Akikasirika anaenda nayo nyumbani, na sheria zote nzuri nilizozieleza zinaenda naye. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba wokovu wake unategemea shujaa. Anayefikisha kumi karibu kila mara ni yule yule mrefu mwepesi, na ukirudishwa na mtu yule yule mara nane unaanza kumbebea mtungi bila kuambiwa.

Siku moja nilibaki wa mwisho mimi. Haikuwa kwa ustadi. Warushaji waliniacha makusudi, waliniona mteremko. Nikakwepa moja, mbili, tatu. Nakumbuka kufika tano sauti za nyuma yangu zilibadilika, zikawa si za mzaha tena. Niliguswa kwenye ya saba, begani. Msichana mmoja akasema, "Umetuua," tukachukua mitungi tukaenda. Nilikuwa na miaka tisa na neno hilo ninalo mpaka leo.

Mwaka wa pili wa chuo, muhula wa pili, niliguswa tena. Sitalaumu mtu. Karo ilikuwa na deni, kozi ilikuwa imeacha kunipendeza, na siku moja badala ya kwenda kwenye mtihani nilipanda gari la Wote. Nilidhani nitapumzika mwezi. Sasa ni mwaka wa nne. Watu wa kwetu ni wapole, hakuna aliyesema umetuua, ingawa baba aliuza ng'ombe wawili. Wanachosema ni "huyu aliachia njiani," na wanalisema nikiwepo, kama vile unavyotaja mtu aliyehamia Mombasa. Zile ngazi nne za mpwa wangu, mimi ya nne naijua kwa ndani. Sikatai kwamba niko mbali na matarajio. Ninachouliza ni kama huko mbali kuna kazi yoyote ya kufanya.

Hapo ndipo niliporudi kwenye video. Nilitaka kuandika makala hii kwa haraka, nikaifungua kuhesabu sekunde, na safari hii niliweka spika za masikioni.

Nilisema mpwa wangu hafanyi lolote kwa sekunde 39. Nilikosea, na mwalimu alikosea, na sababu yetu ni moja: tulitazama tu. Upepo ulikuwa mwingi siku hiyo na sauti ni mbaya. Lakini kuanzia sekunde ya 46, msichana wa mwisho akiwa amebaki peke yake katikati, unasikia watoto watatu wakihesabu kwa pamoja. Moja. Mbili. Na sauti inayoongoza, ile inayokuja nusu sekunde mbele ya wengine, ni ya mpwa wangu. Hiyo mikono kiunoni ni ya mtu anayevuta pumzi ya kupiga kelele. Tatu. Mrefu analala mchangani, mpira unapita juu ya kisogo. Nne. Kisha kidole changu.

Hilo ndilo jibu la kati. Waliokufa ndio wanaohesabu. Warushaji hawawezi kuaminiwa, wataruka namba au kuzirudia. Anayekwepa hana pumzi. Kwa hivyo kazi ya kushika hesabu, ambayo bila hiyo hakuna wokovu wowote, ni ya waliotoka, na wanaifanya kwa sauti ili yule mmoja ajue amefika wapi na amebakisha ngapi. Nimecheza mchezo huu miaka na sikuliona hili, labda kwa sababu nilikuwa kando kila mara na nilidhani kando si mahali. Na ile siku ya saba, sauti zilizobadilika nyuma yangu zilikuwa za wafu wangu. Aliyesema "umetuua" alikuwa amenihesabia mpaka saba kwanza.

Mtu anaweza kusema mambo haya hayapimiki, na ukitaka mtihani lazima ukubali hasara. Sidhani. Waangalie Wahindi na kabaddi, ambayo ukiivua sare ni mchezo wa timu wa kugusana kama hii yetu. Mchezaji mmoja anaingia upande wa adui, anagusa, anakimbia kurudi. Aliyeguswa anatoka, lakini timu yake ikimtoa adui mmoja, mwenzao mmoja aliyekaa nje anarudi. Mchezo huo umekuwa kwenye Michezo ya Asia tangu 1990, una ligi ya kulipwa tangu 2014, na Kenya yenyewe ilipeleka timu kwenye mashindano ya Dubai mwaka 2018. Wana waamuzi, kamera na alama. Sheria ya kurudi hawakuitupa, wameiwekea hesabu. Anayetaka kupima kati anaweza kuuliza: je, mtoto alitoka bila ubishi alipoguswa? Alihesabu kwa uaminifu? Aliporudi, alicheza? Kwa maswali hayo hata mimi wa miaka tisa ningepata kitu.

Simlaumu mwalimu. Ana darasa lililojaa, video zinaingia kwenye simu yake mwenyewe na kwa bando lake mwenyewe, na dakika moja ni huruma aliyojifanyia. Aliyeamua dakika ianze wapi na iishe wapi ni mimi. Niliyekuwa na mto mzima mbele yangu nilimfuata mtoto mmoja kwa kamera kama mfuatiliaji wa farasi mmoja kwenye mbio, na mchezo wenyewe ulikuwa kwa wanane.

Dada yangu alitaka turudi mtoni tupige nyingine, ndefu, tuombe mwalimu aitazame. Nikamuuliza mpwa wangu. Alikuwa anachambua maharagwe ya isyo na hakuinua kichwa.

"Ile tulishinda," alisema. "Nikicheza ya kamera nitakuwa naigiza."

Tukaiacha. Matokeo yake yamebaki yalivyo, kukaribia, na amesahau haraka kuliko mimi.

Kuhusu dada, niongeze jambo moja. Kila makala yangu ikitoka, hata za pesa kidogo, hata za tovuti zilizokufa mwezi uliofuata, huwa namtumia kiungo naye huwa hasomi, ana watoto watatu na kibanda cha nyanya sokoni Wote. Anajibu neno moja. Nilidhani ni adabu tu. Jana nilipanda juu kwenye ujumbe wetu nikitafuta ile video, nikayaona majibu yake yamepangana, moja chini ya jingine, miaka mitatu: ya tisa, ya kumi na nne, ya ishirini na mbili.

Hii nitamtumia ikitoka.